Kutoka Malungu hadi Leza: Historia ya Ufundi wa Kukata katika Mpanda na Katavi

Mgodi wa risasi wa Mukwamba, ambao kwa takriban miaka kumi ulikuwa ndio uhai wa mji wa Mpanda, ulifungwa mwaka 1960. Tarehe 16 Mei ya mwaka huohuo, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, mwanafizikia Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani kwa kumulika kijiti cha rubi, yaani kito chekundu, kwa taa yenye mmweko mkali. Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote wakati ule, na haitafutwi hapa njia ya kuyaunganisha kwa nguvu. Yametajwa pamoja kwa sababu mji ule uliobaki na reli bila mgodi ndio ambao mafundi wake, miongo sita baadaye, wamekuja kuutazama mwale uliozaliwa Malibu kama kifaa cha karakana, na kujiuliza kama unafaa kununuliwa, kwa kazi gani, na kwa umeme gani.

Swali hilo si geni katika eneo hili. Tangu enzi za wafua chuma wa Ufipa, kila kifaa cha kukata kilichofika katika nchi ya miombo iliyo kati ya Ziwa Tanganyika, Ziwa Rukwa na mbuga za Ukonongo kimepimwa kwa kipimo kilekile. Ukali wa makali haukutosha peke yake. Kifaa kilidumu pale kilipopata chakula chake, yaani nishati ya kukiendesha, malighafi ambayo kinaiweza, njia ya kukifikishia vipuri, na fundi anayejua kukirudisha kazini kinapoharibika. Kilichokosa kimojawapo kati ya hivyo kiliachwa, hata kama kilikuwa bora kuliko vyote vilivyokitangulia.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, makao yake makuu yakiwa Mpanda, lakini historia ya ufundi haifuati mipaka ya mikoa. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, ambao ni wenyeji wa sehemu kubwa ya mkoa huu, waliishi jirani na Wafipa wa nyanda za juu upande wa kusini, na ni huko Ufipa ambako ufuaji wa chuma ulifikia kiwango kilichowashangaza wageni wote waliouona. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu yaliyoitwa malungu, na kila moja huitwa ilungu. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili joto bila kupasuka ovyo, likafikia kimo cha takriban mita 3, yaani karibu mara mbili ya urefu wa mtu. Kuzunguka sehemu ya chini yalitobolewa matundu na kuingizwa mirija ya udongo, na ndani tanuri lilijazwa mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka.

Jambo la kustaajabisha katika tanuri hili ni kwamba halikuvukutwa. Wahunzi wengi wa Afrika walitegemea mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayobanwa kwa mikono ili kusukuma hewa motoni, lakini ilungu lilijivutia hewa lenyewe: hewa ya moto ilipopanda kwa kasi na kutokea juu, hewa baridi ilivutwa kuingia kupitia mirija ya chini, na kadiri tanuri lilivyokuwa refu ndivyo mvuto ulivyozidi. Kimo cha ilungu, kwa hiyo, hakikuwa mapambo wala majivuno ya ukoo bali ndicho kilichofanya kazi ya mivukuto na ya vijana ambao wangeichosha mikono yao kwa kuibana. Moto uliendelea kwa siku kadhaa, na kilichopatikana mwishoni kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na takataka, ambalo halikuweza bado kufuliwa. Bonge hilo lilivunjwavunjwa na kuingizwa katika tanuri la pili, dogo, lililoitwa kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kwa kuwa hatua ya kusafisha ilihitaji moto unaodhibitiwa na mkono. Kutoka kintengwe chuma kilikwenda kwenye fuawe, jiwe au pande la chuma ambalo juu yake mhunzi hugonga, kikawa jembe, shoka, mkuki au tezo.

Maarifa hayo hayakutenganishwa na imani. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa kilichoitwa intangala, ilungu lenyewe lilitendewa kama bibi harusi, na wakati wa kuyeyusha mafundi walishika miiko mikali ya unyumba. Msomaji wa leo anaweza kuyaona hayo kama ziada, lakini katika ufundi usio na vitabu miiko ilikuwa ndiyo daftari, kwa kuwa iliamua nani afundishwe, kwa utaratibu gani, na hatua ipi itangulie ipi. Padre Wyckaert wa shirika la White Fathers aliandika habari za wahunzi hao katika jarida la Anthropos mwaka 1914, na katika miaka ya karibuni mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda amechunguza mabaki ya matanuri ya kusini-magharibi mwa Tanzania na kuonyesha kwamba ilungu halikuwa aina pekee, bali eneo hili lilipitia mitindo kadhaa ya kuyeyusha chuma.

Uyeyushaji ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na sababu yake inastahili kutazamwa kwa makini. Chuma cha ilungu hakikushindwa kwa ubaya wake. Kilishindwa kwa sababu majembe ya viwandani na vyuma chakavu vilifika vijijini bila kudai mkaa wa wiki nzima, bila kuhitaji watu kadhaa kuacha mashamba yao, na bila intangala. Uhunzi, kwa upande mwingine, haukufa: mhunzi aliacha kuyeyusha akaendelea kufua, na malighafi yake ikawa vyuma vya kuokota, hasa springi za magari, ambazo hadi leo hutoa visu na mapanga yanayoshika makali vizuri kuliko mengi ya dukani. Hatua ya kwanza ya kazi ilihamia Ulaya, na ya mwisho ikabaki kijijini. Mgawanyo huo utaonekana tena mbele, kwa sababu karakana yenye mashine ya leza imesimama juu ya mgawanyo wa aina hiyohiyo.

Upande wa ziwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Karema, ambayo sasa iko katika Wilaya ya Tanganyika, ilifanywa kituo mwaka 1879 na kapteni Mbelgiji Cambier kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa White Fathers. Hapo ndipo alipofika mwaka 1889 Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta, na kuwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Katika historia ya ufundi, misheni ilileta kitu kisicho na sifa kubwa kama utabibu wa Atiman, lakini chenye athari iliyosambaa mbali: ubao ulionyooka. Kabla ya hapo mti ulichongwa kwa shoka na tezo, na gogo moja lilitoa mlango mmoja, mtumbwi mmoja au kinu kimoja, sehemu kubwa ya mbao ikiishia kuwa vibanzi. Makanisa, madirisha, viti na meza za shule vilihitaji mbao nyingi zenye unene mmoja, na hizo hazipatikani bila msumeno.

Msumeno uliofanya kazi hiyo ulikuwa msumeno mrefu wa kupasulia, ambao hushikwa na watu wawili. Gogo huwekwa juu ya shimo au juu ya jukwaa la miti, mpasuaji mmoja akasimama juu yake na mwenzake akaingia chini. Kabla ya kuanza, uzi uliopakwa masizi, au unga mweusi wa betri kuukuu, huvutwa kutoka ncha hadi ncha ya gogo, ukanyanyuliwa kidogo na kuachiwa, ukapiga mstari mweusi ulionyooka juu ya mti. Aliye juu ndiye anayeuongoza msumeno katika mstari huo, na aliye chini, ambaye macho yake yamejaa unga wa mbao, anavuta kwa nguvu bila kuuona. Kila mpasuo hugeuza milimita kadhaa za mti kuwa unga, kwa hiyo gogo lililotoa mbao kumi limepoteza unene unaotosha kuwa ubao mwingine au zaidi. Hasara hiyo haikumuumiza mtu wakati miti ya mninga ilipokuwa mingi kuliko misumeno.

Mninga ndio uliojenga jina la Mpanda katika maduka ya samani ya miji ya mbali. Ni mti wa miombo wenye mbao za rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, usiopindapinda unapokauka, unaokubali randa na msasa, na usiopendwa sana na mchwa. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ndugu yake mkurungu, mwenye mbao nyekundu zaidi, alikuja kutafutwa sana na wafanyabiashara wa Asia katika karne hii, hadi biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2019. Mninga ulifuata mwaka 2022. Kwa seremala wa Mpanda, maana ya maamuzi hayo ni kwamba unga wa mbao si taka tena.

Kilichozigeuza mbao hizo kuwa biashara ya mbali kilikuwa reli, na reli haikujengwa kwa ajili ya mbao. Mashapo ya risasi yenye fedha na shaba yaliyopatikana katika eneo la Mpanda yaliifanya kampuni ya Uruwira Minerals kufungua mgodi mkubwa Mukwamba baada ya Vita Vikuu vya Pili, na serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda, umbali wa takriban kilomita 210, ambalo lilikamilika mwaka 1950. Katika pori ambalo wakazi wake walikuwa wachache, na ambalo mbung'o alikuwa amelifunga kwa wafugaji, ulizuka mji wenye mtambo wa umeme, karakana za mitambo na watu waliotoka makabila mengi kutafuta ajira. Mji huo ulikuwa na zana ambazo haukuwa umezitengeneza, na uliziendesha kwa mafuta ambayo yaliletwa na treni ileile iliyobeba madini kwenda bandarini.

Karakana ya mgodi wa miaka ile ilikuwa shule ya aina yake. Chuma hakikukatwa tena kwa patasi na nyundo juu ya fuawe. Kilikatwa kwa moto wa gesi, yaani mchanganyiko wa asetilini na oksijeni unaopita katika bomba moja, ambao kwanza hukipasha chuma hadi kiwe chekundu, kisha mkondo wa oksijeni tupu hukiunguza na kukipuliza kipande kilichoungua. Inafaa msomaji aukumbuke mkondo huo wa oksijeni, kwa kuwa ndio uliokuja kuifanya leza iwe msumeno. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 mitambo yake ilinyamaza. Tofauti na wahunzi wa Ufipa, ambao walibaki na ufundi baada ya malighafi yao kubadilika, Mpanda ilibaki na mafundi wasio na mtambo na reli isiyo na mzigo wake wa asili. Hapo ndipo mbao, mahindi, mpunga, asali na tumbaku vilipochukua mabehewa.

Miongo ya baada ya uhuru inaweza kupitwa kwa haraka. Wakimbizi kutoka Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo, na makazi hayo yalifyeka pori kubwa na kuzalisha wakulima na mafundi wengi ambao serikali iliwapa uraia katika miaka ya 2010. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 ili kuwapa mafundi wadogo zana na mafunzo, na mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Zana ya seremala wa mjini, hata hivyo, ilibadilika polepole kuliko taasisi: msumeno wa mkono, randa, patasi na keekee vilitawala hadi umeme ulipoaminika kiasi cha kumshawishi fundi anunue msumeno wa mviringo au mashine ya kuranda. Na umeme haukuaminika upesi. Kwa miongo mingi mji wa Mpanda uliwashwa na majenereta ya dizeli yaliyosimama peke yake, nje ya gridi ya taifa, na kila lita ya dizeli ilisafirishwa kutoka mbali kabla ya kugeuka kuwa mwanga.

Huku hayo yakiendelea, mwale wa Malibu ulikuwa ukitafuta kazi. Jina leza limeundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukuza mwanga kwa kuchochea utoaji wa mnururisho, na wazo lenyewe lilitoka kwa Albert Einstein mwaka 1917: kwamba atomu iliyokwisha kupewa nishati ya ziada, ikipitiwa na chembe ya mwanga ya aina yake, hutoa chembe nyingine pacha inayokwenda upande uleule kwa mwendo uleule. Mwanga wa taa hutawanyika kama watu wanaotoka sokoni, kila mmoja na njia yake, ilhali mwanga wa leza huenda kwa safu moja, na kwa hiyo huweza kukusanywa na lenzi hadi nukta ndogo mno yenye joto kali. Mwaka 1964 Kumar Patel wa maabara ya Bell nchini Marekani alitengeneza leza inayotumia gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ilitoa nguvu kubwa zaidi na kwa mfululizo. Mwaka 1965 kampuni ya Western Electric ilitumia leza kutoboa almasi, na mwaka 1967 Peter Houldcroft wa taasisi ya uchomeleaji iliyo karibu na Cambridge, Uingereza, alielekeza mkondo wa oksijeni pamoja na mwale wa leza ya kaboni dayoksaidi juu ya bamba jembamba la chuma, na bamba likakatika.

Mwale peke yake ulikuwa umeshindwa kukata kwa usafi, uliyeyusha. Hewa ndiyo iliyotoa kilichoyeyuka na kuacha mkato. Si kulazimisha mfanano kusema kwamba mtu wa ilungu angeielewa kazi ya Houldcroft upesi kuliko mtu aliyezoea msumeno, kwa sababu mtu wa ilungu alijua kuwa moto ni nusu tu ya kazi, na nusu nyingine ni hewa inayoingia mahali panapotakiwa kwa kiasi kinachotakiwa. Hata mashine ndogo kabisa ya leza inayouzwa leo huwa na pampu inayopuliza hewa kwenye ncha ya mwale, na fundi anayeizima pampu hiyo ili kupunguza kelele huona matokeo papo hapo: ukingo wa ubao unaungua, moshi unapanda na kukaa kwenye lenzi, na lenzi iliyochafuka hupata joto hadi ikapasuka.

Mashine hizo zilibaki kuwa mali ya viwanda vikubwa hadi viwanda vya China vilipoanza kutengeneza kwa wingi mirija ya kioo ya bei nafuu. Mrija huo umejaa mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, nitrojeni na heli, na umeme wa msongo wa juu ukipita ndani yake hutoa mwale usioonekana kwa jicho. Vioo vitatu huupeleka mwale hadi kwenye lenzi inayotembea juu ya meza, ikiongozwa na kompyuta inayofuata mchoro, na mkato unaobaki una upana wa sehemu ya kumi au mbili tu za milimita. Dar es Salaam na miji mingine mikubwa ya Tanzania imezizoea mashine hizi katika kazi za mihuri ya mpira, mabango, kadi za harusi, ngao za tuzo na mapambo ya ofisini. Huu ndio mgawanyo uliotajwa awali: mwale na kompyuta vimetengenezwa mbali, kama chuma cha springi, na mkono wa fundi wa hapa unaanza kazi katika hatua ya mwisho.

Kwa karakana ndogo ya Katavi, uchaguzi wa kwanza ni wa aina ya mwale, na hapa fizikia haina huruma. Mwale wa kaboni dayoksaidi una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, ambao mbao, ngozi, kitambaa, mpira na plastiki ya akriliki huumeza vizuri, ilhali chuma king'aavyo huurudisha. Leza ya nyuzi, ambayo mwale wake huzalishwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo, ina urefu wa wimbi wa karibu mikromita 1, na huo ndio unaofaa kwa chuma. Fundi wa mageti anayetaka kukata maua na herufi kwenye mabamba, akinunua mashine ya kaboni dayoksaidi ya wati 60 kwa kuwa imeandikwa leza, amenunua msumeno usio na meno. Seremala naye akinunua leza ya nyuzi atakuwa amefanya kosa hilohilo kwa upande wa pili, na kwa bei kubwa zaidi.

Uchaguzi wa pili ni wa kazi yenyewe, na katika hili utamaduni wa mkoa unatoa jibu lililo bora kuliko matangazo ya wauzaji. Katavi ni nchi ya nyuki. Inyonga katika Wilaya ya Mlele imejulikana kwa asali kwa muda mrefu, na Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpimbwe aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliutumia wadhifa wake kuhimiza ufugaji wa nyuki nchini kote. Mzinga wa asili ni gome lililochunwa zima kutoka kwenye mti kama bomba, likabanwa kwa vijiti na kufungwa ncha zake. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini mti uliochunwa hivyo hukauka. Mzinga wa mbao huuokoa mti huo, ila nyuki wana sheria zao ambazo seremala asiyezijua hushindwa nazo. Lorenzo Langstroth, mchungaji wa kanisa huko Marekani, alitambua mwaka 1851 kwamba nafasi ya takriban milimita 6 hadi 9 huachwa wazi na nyuki kama njia yao ya kupita, na ikipungua huzibwa kwa gundi yao, na ikizidi hujengwa masega. Katika mzinga wa vijiti vya juu uliozoeleka Afrika Mashariki, kila kijiti ambacho sega huning'inia kwake hutakiwa kuwa na upana wa milimita 32, kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi ya sega moja la nyuki wetu pamoja na njia yake. Kijiti cha milimita 35 huonekana sawa machoni pa mtu. Kwa nyuki si sawa, na mfugaji hugundua hivyo siku ya kurina, anapoinua kijiti kimoja na masega mawili yakapasuka pamoja.

Leza ya wati 60 haiwezi kukata ubao wa mninga wa mzinga wenye unene wa milimita 25. Itauchoma, itaufanya mweusi, na kujaza moshi karakana nzima. Lakini itakata kigezo, yaani kipande cha plaiwudi cha milimita 3 chenye umbo na kipimo kamili, kwa usahihi ambao msumeno wa mkono haufikii. Kigezo kimoja cha milimita 32, kikiwekwa juu ya mbao na kufuatwa kwa msumeno wa kawaida, hutoa vijiti mia vinavyofanana, na fundi wa kijijini asiye na umeme anaweza kukibeba kigezo hicho mfukoni. Mwale huohuo huchoma namba na alama ya mwenye mzinga kwenye ubao bila rangi inayobanduka, jambo ambalo wafugaji wa nyuki hawakulidharau hata walipokuwa wakichonga alama zao kwa kisu. Na kwa kuwa mninga umekuwa adimu, mtindo wa kubandika ukanda mwembamba wa mninga juu ya plaiwudi, kisha kukata maua yake kwa leza, unampa seremala njia ya kuuza uzuri wa mti mmoja katika samani nyingi.

Yapo pia yasiyofaa kukatwa kabisa. Plastiki ya PVC, ambayo hujificha katika mabango, ngozi bandia na mabomba, ikiguswa na mwale hutoa gesi yenye klorini inayounguza mapafu ya fundi na kuozesha vyuma vya mashine yenyewe. Karakana iliyofungwa madirisha kwa kuogopa vumbi la kiangazi, bila feni ya kutoa moshi nje, ni hatari hata kwa mbao za kawaida. Ukubwa wa meza nao unapaswa kuamuliwa kwa kuangalia plaiwudi ya sokoni, ambayo huja kwa futi 8 kwa 4, na wala si kwa kuangalia picha ya mashine: meza ya milimita 1300 kwa 900 hupokea plaiwudi hiyo ikiwa imekatwa vipande vichache, na ile ya milimita 400 kwa 300 humfanya fundi akate kwanza kwa msumeno kile alichonunua leza ili kukikata.

Hatimaye kuna chakula cha mashine. Katika miaka ya 2020 njia ya umeme ya kilovolti 132 imejengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, na barabara ya lami ya Tabora imekamilika, kwa hiyo masharti mawili kati ya yale yaliyoua au kuokoa zana za zamani yamebadilika kwa kiasi ambacho kizazi cha mgodi kisingekitarajia. Bado mrija wa kioo hauvumilii umeme unaopanda na kushuka, na fundi asiyeweka stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha msongo, huulipia mrija. Joto la Oktoba, kabla ya mvua, nalo ni adui wa kimya, kwa sababu mrija hupozwa kwa maji yanayozunguka, na maji yakizidi nyuzi 25 hivi nguvu ya mwale hupungua na umri wa mrija hufupika. Ndoo ya maji iliyowekwa sakafuni inatosha asubuhi, na kufikia saa nane mchana haitoshi.

Mrija wenyewe, hata ukitunzwa, huisha baada ya saa elfu moja au elfu chache za kazi, na hapo fundi hulazimika kuagiza mwingine kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja. Reli ya Mpanda ilijengwa ili kutoa risasi, bidhaa isiyoweza kuvunjika kwa kutikiswa. Kioo chenye urefu wa mita moja na zaidi kinahitaji sanduku la mbao, povu pande zote, na mtu wa kukipokea stendi au stesheni na kukifungua palepale mbele ya msafirishaji. Mafundi wenye uzoefu huagiza miwili kwa safari moja, wakaufunga mmoja kwenye mashine na kuulaza wa pili juu ya dari, mbali na watoto na panya.